NAHODHA ALIYEISHI NDANI YA MASHUA



Hebu fikiri. Mtu anakuambia atakupa mashua bure. Unakwenda kuitazama. Unaikuta haiko majini. Iko shambani, mbali na bahari, imefunikwa turubai, na mbao zake zimeoza. Majirani wanasimama wanakutazama na kucheka. Je, ungeichukua?

Joshua Slocum aliichukua. Hiyo ilikuwa mwaka 1892, mahali panapoitwa Fairhaven, nchini Marekani. Mashua iliitwa Spray, maana yake manyunyu ya bahari. Rafiki yake aliyempa alimwambia tu kwamba inahitaji matengenezo kidogo. Kumbe chombo kilikuwa kimekufa. Lakini katika chombo hicho Slocum aliishi, akapika, akalala, akasoma vitabu, na akaizunguka dunia nzima peke yake. Kabla yake hakuna mtu aliyejulikana kufanya hivyo.

HUYU SLOCUM ALIKUWA NANI?

Alizaliwa mwaka 1844 katika jimbo la Nova Scotia, nchini Kanada. Baba yake alishona viatu vya wavuvi. Mtoto Joshua aliachishwa shule akiwa na miaka kama 10, akakalishwa kibandani kushona viatu. Hakuipenda kazi hiyo hata kidogo. Alikuwa anaisikia bahari nje. Akiwa na miaka 14 alitoroka, akawa mpishi katika chombo cha wavuvi. Chakula alichopika kilikuwa kibaya, wakamfukuza. Lakini alirudi tena baharini, na polepole akapanda cheo mpaka akawa nahodha wa meli kubwa za matanga.

Mkewe, Virginia, aliishi naye melini. Baadhi ya watoto wao walizaliwa humo humo. Kwa familia hii meli ilikuwa ndiyo nyumba, na bahari ndiyo ua. Mwaka 1884 Virginia alifariki. Mwaka 1887 meli ya Slocum ikapanda mchanga huko Brazili, ikavunjika. Alikuwa na mke wa pili, Hettie, na watoto wawili wa kiume, na nauli ya kurudi nyumbani hana.

Walifanya nini? Walijenga mashua yao wenyewe kwa mbao walizookoa na miti ya pale pale. Hettie alikuwa mshona nguo, basi akashona matanga. Waliishusha majini tarehe 13 Mei, 1888, siku ile ile watumwa wa Brazili walipotangazwa kuwa huru. Kwa hiyo wakaiita Liberdade, yaani Uhuru. Wote wanne wakaisafiria hadi Marekani, mwendo wa zaidi ya maili 5,000.

Walifika salama. Lakini Hettie alikuwa ametosheka. Baadaye alipoulizwa kama angependa kwenda na mumewe katika Spray, alijibu kwamba safari yake amekwisha kuipata. Mimi simlaumu.

KAZI IMEKWISHA, UFUNDI UMEBAKI

Wakati huo meli za moshi zilikuwa zinaziondoa meli za matanga. Wenye mali hawakutaka tena kungoja upepo. Nahodha wa matanga alikuwa sawa na fundi hodari wa kitu ambacho hakinunuliwi tena. Slocum alitafuta kazi na kukosa. Alikuwa na miaka karibu 50, na alilojua lilikuwa moja tu.

Basi hapo ndipo alipoionyeshwa ile mashua shambani.

Alikata mwaloni uliokuwa karibu, akauchonga kuwa mkuku, yaani ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo chote. Mataruma, yaani mbavu za mashua, aliyapika kwa mvuke katika sanduku mpaka yakalainika, ndipo akayakunja. Akapigilia mbao mpya, akakalafati, yaani akaziba nyufa kwa pamba ili maji yasiingie. Watu walikuja kutazama na kuuliza kama kazi hiyo italipa. Ilimchukua miezi 13. Alitumia dola 553 na senti 62. Chombo kilikuwa na urefu wa mita 11 hivi na upana wa mita 4 na kidogo. Kwa mashua ya mtu mmoja hii si ndogo sana, lakini katikati ya bahari kuu ni kama kifuu cha nazi.

Ndani yake alitengeneza vyumba viwili. Kimoja cha kupikia, futi 6 kwa 6. Kingine cha kulala, futi 10 kwa 12. Pima hatua katika chumba chako, ndugu msomaji, utaona ukubwa wa nyumba yake. Pembeni, chini ya sitaha, palikuwa na kitanda, rafu za vitabu na sanduku la dawa. Mapipa ya maji na nyama ya chumvi yalikaa katikati ya chombo.

Alitweka tanga mjini Boston tarehe 24 Aprili, 1895. Saa yake ya safari ilikuwa ya bati. Muuzaji alitaka dola moja na nusu, lakini kioo kilikuwa kimevunjika, akaipata kwa dola moja. Baadaye mshale wa dakika ulipotea. Saa ilipogoma aliichemsha ndani ya maji, ikatembea tena.

Na jambo jingine: hakujua kuogelea. Hapo simsifu. Wewe unayevua ziwani au baharini usimwige katika hilo.

MAISHA NDANI YA CHOMBO

Mtu peke yake anaendeshaje mashua mchana na usiku? Analala saa ngapi?

Siri ilikuwa katika umbo la Spray na namna alivyopanga matanga. Aliyavuta matanga kwa kadiri fulani, akaufunga usukani kwa kamba, na chombo kikashika njia yake chenyewe. Katika Bahari ya Hindi alikwenda siku 23 kutoka kaskazini mwa Australia hadi visiwa vya Keeling, maili 2,700. Hiyo ni kama kilomita 5,000, zaidi ya mara nne ya njia ya gari kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Katika siku zote hizo alishika usukani kwa muda usiozidi saa tatu kwa jumla.

Upepo uliompeleka ni ndugu wa ule tunaouita kusi. Mabaharia wa pwani yetu wanaujua sana. Kwa karne nyingi majahazi yamekwenda kaskazini kwa kusi na kurudi kwa kaskazi. Hao nao wameishi ndani ya vyombo: wamelala juu ya shehena, wamepika ugali na samaki juu ya moto uliowekwa katika sanduku la mchanga, wamengoja upepo siku nyingi bila kugombana. Wao huwa wengi, lakini. Slocum alikuwa mmoja.

Upweke ulimwuma mwanzoni. Alijaribu kupiga kelele kama nahodha mwenye mabaharia, akiuliza chombo kinaelekea wapi. Hakuna aliyejibu. Sauti yake mwenyewe ikamtisha, akaacha. Badala yake akaimba. Akasoma vitabu, mchana na usiku. Asubuhi aliokota samaki warukao walioanguka juu ya sitaha, akawakaanga, akanywa kahawa yake. Katika Bahari ya Pasifiki alikaa siku 72 bila kuingia bandari yoyote, na aliposimulia siku hizo husikii mtu anayelalamika. Unasikia mtu aliyeshiba.

Hapo ndipo ulipo utamu wa maisha hayo, nadhani. Kila kitu unachohitaji kiko mahali unapoweza kukifikia kwa mkono. Kamba ikikatika, ni wewe utakayeiunga. Huna bosi, huna kodi ya nyumba, na mlango wako leo unatazama kisiwa hiki, mwezi ujao kingine.

HATARI

Lakini usidanganyike. Karibu na pwani ya Moroko alifukuzwa na wanyang'anyi wa baharini. Dhoruba ikapiga wote wawili. Mti wa tanga la Spray ulivunjika, lakini mlingoti wa wanyang'anyi ulianguka kabisa, akaokoka.

Kabla ya hapo, katika visiwa vya Azores, alipewa matunda na jibini akala kwa wingi. Usiku tumbo likamkata, akaanguka chini chumbani na dhoruba inavuma. Anasema alitoka ndotoni akamwona mtu mrefu ameshika usukani, mtu wa zamani, aliyejitambulisha kuwa rubani wa Pinta, chombo kimojawapo cha Columbus. Kulipokucha chombo kilikuwa bado kiko katika njia yake. Sawa, ni homa. Lakini simulizi yenyewe ni tamu.

Kusini kabisa mwa Amerika, katika mlango wa bahari wa Magellan, alionywa kwamba wenyeji wa huko watamvamia. Mtu mmoja akampa misumari midogo ya zulia. Slocum aliitawanya juu ya sitaha, ncha juu, ndipo akaenda kulala. Usiku wakaja watu, wakakanyaga misumari kwa miguu mitupu, wakapiga yowe, wakaruka majini. Wasomaji wengi wamelicheka jambo hilo. Mimi naongeza neno moja. Wenyeji hao walikuwa wananyang'anywa nchi yao na wageni katika miaka hiyo hiyo. Slocum aliandika kitabu; wao hawakuandika. Kwa hiyo tunasikia upande mmoja tu.

Tena tufani ilimfukuza kutoka mlango huo, ikamrudisha kati ya miamba usiku wa giza, maji yakichemka meupe pande zote. Alisema hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote alizopata baharini.

ALIPATAJE CHAKULA NA FEDHA?

Hakuwa tajiri. Katika mlango ule wa Magellan aliokota mapipa ya mafuta ya wanyama yaliyotupwa pwani na meli iliyovunjika. Alipofika kisiwa cha Juan Fernandez akawafundisha wakazi kupika maandazi kwa mafuta hayo, kisha akawauzia mafuta. Bei hakuikaza, wengine walimlipa kwa sarafu za kale. Huko Australia alitoza watu waliotaka kuingia kuiona mashua. Kwingine alisimama mbele ya watu akasimulia safari yake, wakalipa kiingilio.

Mwishoni mwa mwaka 1897 alifika Durban, Afrika ya Kusini. Kutoka Cape Town alipanda gari la moshi hadi Pretoria, akapelekwa kwa Rais Paul Kruger wa Makaburu. Alipotajwa kuwa anaizunguka dunia, Kruger alikataa. Yeye aliamini dunia ni bapa kama sinia, kwa hiyo haizungukwi. Slocum, aliyekwisha kutembea zaidi ya nusu ya mzunguko huo, alifurahi sana kwa jibu hilo.

Katika kisiwa cha St. Helena alizawadiwa mbuzi. Ikawa balaa. Mbuzi alikula kamba, akala kofia ya majani, akala na ramani ya visiwa alivyokuwa anaviendea. Wafugaji wataelewa. Akamshusha katika kisiwa kilichofuata.

Tarehe 27 Juni, 1898, Spray ilitia nanga Newport, Marekani. Ilikuwa imekwenda maili 46,000 katika miaka mitatu na miezi miwili. Mtu aliyeachishwa shule akiwa mtoto, na ambaye barua zake zilijaa makosa ya tahajia, aliketi akaandika kitabu cha safari hiyo. Kilitoka mwaka 1900, na kinachapwa mpaka leo.

WALIOMFUATA

Wengi wamemfuata. Mwaka 1968 watu tisa waliingia katika mashindano ya kuizunguka dunia, kila mtu peke yake, bila kusimama popote. Mmoja tu alimaliza: Robin Knox-Johnston wa Uingereza, kwa siku 312. Mashua yake ilijengwa Bombay na mafundi wa Kihindi, na jina lake ni Suhaili, neno la Kiarabu ambalo watu wa pwani hawatalisikia kama geni. Mwingine, Bernard Moitessier, Mfaransa, aliweza kushinda, lakini aliacha njia ya kurudi Ulaya akaendelea mbele hadi Tahiti, kwa sababu alikuwa na furaha baharini. Wa tatu, Donald Crowhurst, alishindwa, akatangaza habari za uongo kuhusu mahali alipo, kisha akili ikamharibikia. Mashua yake ilikutwa inaelea bila mtu. Knox-Johnston alitoa fedha za ushindi, paundi 5,000, akampa mjane na watoto wake.

Na Slocum? Alinunua shamba dogo, akajaribu kulima. Hakulimudu. Kila mara alirudi kwenye Spray, akalala humo, akasafiri peke yake hadi visiwa vya joto wakati wa baridi. Watu waliomwona siku za mwisho walisema mashua imechakaa, kamba zimelegea, na mwenyewe amezeeka. Alikuwa na miaka zaidi ya 60 alipotweka tanga tena, akisema anaelekea mito mikubwa ya Amerika ya Kusini. Ulipofika mwaka 1910 alikuwa hajaonekana popote, yeye wala mashua. Hata ubao mmoja haukupatikana. Mwaka 1924 mahakama ikaandika rasmi kwamba amekufa.