Moba–Lubumbashi kwa ndege: tuhesabu masaa ya mgonjwa



Mtu akizidiwa na ugonjwa huku Moba, jamaa huuliza kwanza: «Kwa ndege ni masaa ngapi mpaka Lubumbashi?» Ni swali zuri. Tulijibu vizuri.

Kwa mstari ulionyooka, toka Moba mpaka Kalemie ni kilomita kama 140, na mpaka Lubumbashi ni kama 560. Ndege ndogo ya mota moja huenda kama kilomita 300 kwa saa. Gawa 560 kwa 300: karibu masaa mawili. Kalemie ni nusu saa. Ongeza kama robo saa ya kupanda na kushuka.

Hayo ni masaa ya hewani tu. Mgonjwa huhesabu toka kitanda mpaka kitanda: kubebwa mpaka kiwanjani, kungoja ndege, kungoja mvua ipite, kisha gari toka kiwanja cha Luano mpaka hospitali. Safari ya masaa mawili inaweza kumaliza siku nzima.

Tena kuna milima. Ziwa letu liko mita kama 770 juu ya bahari, lakini Marungu inapita mita 2,000. Rubani lazima apande juu yake. Kwenye mita 3,000, kila pumzi inaingiza oksijeni kama asilimia 70 tu ya ile ya usawa wa bahari. Ndege kubwa husukuma hewa ndani. Ndege nyingi ndogo hazifanyi hivyo. Mtu mzima haoni taabu. Mwenye mapafu yaliyoharibiwa na vumbi la mawe anaona.

Siku moja nilimsindikiza mzee mmoja aliyetoboa mawe miaka mingi. Pale kiwanjani alikuwa anaongea. Juu ya Marungu midomo yake ikageuka rangi, nikafungua chupa ya oksijeni. Tulifika salama. Huko ndipo mtoto wake aliponiambia kwamba baba alikuwa na siku tatu analala ameketi, kwa sababu akilala chali anakosa pumzi. Ningelijua mapema, ningelimwekea oksijeni kabla ya kuruka.

Kwa hiyo, shikeni haya:

1. Kifua kikibana, au mtu akishindwa kulala chali, mleteni dispensari siku hiyo hiyo. Msingoje azidiwe.

2. Msimfiche muganga kitu: operesheni ya majuzi, pafu lililotoboka, upungufu wa damu, mimba kubwa. Hewa iliyofungwa mwilini huvimba ndege ikipanda. Muganga ndiye ataamua kama mgonjwa anaweza kuruka.

3. Dawa, maji na karatasi za hospitali zikae mkononi, si ndani ya mizigo. Bebeni dawa za siku mbili zaidi.

4. Mgonjwa akitumwa mbele mpaka Kinshasa, kumbukeni kwamba saa ya kule iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Dawa ya saa mbili ya usiku huku Moba itamezwa saa moja ya usiku kule.

Baba, mama, ndege ina mbio, lakini haiwezi kurudisha siku tatu ambazo mgonjwa alinyamaza nyumbani. Semeni mapema.