Zana ndogo za gobori na mahali pake mkobani

Gobori hupakiwa kupitia mdomo wa mtutu, na kila mlio huhitaji baruti, kitambaa, goroli na kiwashio, vyote vikitiwa kwa mkono wa mpigaji mwenyewe. Nchini Marekani, ambako wapenzi wa silaha hizi wana chama chao, National Muzzle Loading Rifle Association, tangu 1933, zana za kazi hiyo hubebwa katika mkoba mdogo wa ngozi unaoning'inia ubavuni. Udogo wake una faida: mkoba mkubwa hujazwa visivyotumika, na kinachotakiwa huzama chini.

Vitu hupangwa kwa mfuatano wa kupakia. Pembe ya baruti huwa na mkanda wake, na kipimo, mara nyingi kipande cha pembe au bomba fupi la shaba, hufungwa hapohapo kwa ugwe wa ngozi ili visiachane. Baruti nyeusi hupimwa kwa ujazo, wala haimiminwi kamwe mtutuni moja kwa moja kutoka kwenye pembe. Cheche iliyosalia ndani baada ya mlio uliotangulia inaweza kuwasha baruti inayoingia. Moto ukipanda hadi kwenye pembe, pembe nzima hulipuka mkononi. Ndiyo maana pembe huzibwa kwanza, ndipo kipimo humiminwa mtutuni. Hakuna kanuni ya mpangilio inayoizidi hii kwa uzito.

Goroli za risasi hukaa katika kifuko chake. Vitambaa vya pamba vilivyopakwa mafuta huwekwa katika kikopo cha bati, mbali na baruti. Wawindaji wengi hupendelea kibao chenye matundu, ambamo kila goroli hupachikwa mapema pamoja na kitambaa chake, kisha husukumwa mtutuni kwa mara moja. Msaada wake huonekana vidole vinapokufa ganzi kwa baridi, kama katika msimu wa Pennsylvania wa kuwinda kwa gumegume, yaani gobori linalowashwa kwa jiwe, unaoanza baada ya Krismasi.

Viwashio hutengwa. Fataki huwa na kikopo chake. Mwenye gumegume hubeba pembe ndogo ya baruti laini na mawe ya akiba. Sindano ya kuzibulia tundu la moto na brashi ya kisahani cha baruti huning'inizwa nje ya mkoba, kwa kuwa huhitajika mara kwa mara.

Mfuko wa ndani ni wa dharura: bisibisi, spana ya kufungulia kichuchu cha fataki, na skrubu ya kung'olea goroli. Skrubu hiyo hudharauliwa hadi siku goroli inaposhindiliwa bila baruti, kosa linalowapata hata wazoefu. Kiwashio huondolewa kwanza, skrubu hufungwa kwenye ncha ya mdeki, yaani fimbo ya kushindilia, huzungushwa hadi izame ndani ya goroli, kisha huvutwa. Kama nyuzi zake zinaingiana na za mdeki, hilo hujaribiwa nyumbani. Mdeki nao huchorwa alama ya kina cha mtutu uliopakiwa.

Maji, matambara na mafuta ya kusafishia hubaki katika sanduku lake nje ya mkoba, lakini hayaachwi nyumbani: masizi ya baruti nyeusi hufyonza unyevu na huanza kula chuma mapema.