Abiria Waliokisiwa: Safari Ndefu ya KQ

Tarehe 25 Septemba 2013, ndege ya mwisho ya aina ya VC10 iliruka kwa mara ya mwisho nchini Uingereza, ikatua Bruntingthorpe na kuzimwa injini zake zote nne. Kufikia siku hiyo ilikuwa ndege ya kijeshi, kazi yake kuzijaza mafuta ndege nyingine angani. Lakini haikuzaliwa jeshini. Usajili wake wa kwanza ulikuwa 5H-MMT, mali ya East African Airways, na 5H ni alama ya Tanzania. Dada yake 5Y-ADA alisajiliwa Kenya, na 5X-UVJ Uganda. Shirika lilikuwa moja, rangi moja, na nchi tatu ziligawana usajili wa ndege ili kila moja ione chake.

Naanza mbali hivyo kwa sababu Kenya Airways, ambayo sote tunaiita KQ, ilizaliwa mgao huo ulipovunjika. East African Airways ilikuwa ikiruka tangu 1946. Mwanzoni mwa 1977 wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikuwa wamekosana juu ya madeni na michango, na ndege zikasimama. Januari 22 Kenya ikaunda shirika lake. Februari 4, wiki mbili hazijatimia, KQ ikarusha safari ya kwanza kwa Boeing 707 zilizokodiwa kutoka British Midland, kuelekea Frankfurt na London. Tanzania ikaunda Air Tanzania mwezi uliofuata. VC10 nne zilizosalia za East African Airways zilirudi Uingereza, na huko zikageuzwa matangi ya mafuta ya jeshi.

KQ basi ilianza kwa ndege za kukodi na fedha za serikali, na kwa miaka kumi na mitano hivi iliendeshwa kama idara nyingine yoyote ya serikali: hasara ikitokea, Hazina inalipa. Mabadiliko yalikuja mwaka 1991 alipoteuliwa Philip Ndegwa, aliyewahi kuwa gavana wa Benki Kuu, kuwa mwenyekiti wa bodi. Madeni yakasafishwa, ukatafutwa mshirika, na Januari 1996 KLM ya Uholanzi ikanunua asilimia 26. Miezi michache baadaye hisa zikauzwa kwa umma. Walimu, makarani na wakulima wa chai walipanga foleni kuzinunua. Naamini hicho ndicho kipindi ambacho Wakenya waliihisi KQ kuwa yao kweli, kuliko hata ilipokuwa ya serikali asilimia mia.

Biashara yenyewe ilikuwa ya akili. Nairobi iligeuzwa njia panda. Mchuuzi wa Lubumbashi anayetaka nguo na simu za Guangzhou hana ndege ya moja kwa moja. Atafika Embakasi, uwanja wa ndege wa Nairobi, atasubiri saa mbili tatu, ataunganisha. Vivyo hivyo mgonjwa kutoka Dar es Salaam anayekwenda Mumbai, na mwanafunzi wa Kampala anayekwenda Amsterdam. Watu wa Kenya peke yao hawawezi kuijaza ndege ya kwenda China kila siku, lakini ukikusanya kumi wa Kinshasa, kumi wa Entebbe na kumi wa Lilongwe, viti vinajaa. Ndiyo maana Januari 2024, Tanzania iliposema itazuia safari za abiria za KQ kati ya Nairobi na Dar baada ya Kenya kuinyima Air Tanzania ruhusa ya mizigo, mzozo ulimalizwa haraka mno. Njia panda isiyo na majirani haina maana.

Kwa mtindo huo KQ ilipata faida miaka mingi. Katika mwaka ulioishia Machi 2006, faida baada ya kodi ilizidi shilingi bilioni 4. Mwaka 2010 ikawa shirika la kwanza la Afrika kuwa mwanachama kamili wa muungano wa SkyTeam. Kati ya hayo kulikuwa na misiba miwili ambayo haifai kupitwa kimya: Januari 30, 2000, Airbus yake ilianguka baharini mara tu baada ya kuruka kutoka Abidjan, watu 169 wakafa na kumi wakaokoka, na Mei 5, 2007, Boeing 737 ikaanguka kinamasini karibu na Douala, ikiwa na watu 114. Hakuna aliyepona.

Kisha ukaja Mradi Mawingu.

Mpango huo wa miaka kumi, uliotangazwa wakati Titus Naikuni akiwa mkurugenzi mkuu, ulikusudia kuikuza KQ kutoka ndege thelathini na kitu hadi zaidi ya mia moja kufikia 2021. Ili kuulipia, mwaka 2012 wenye hisa waliombwa kuongeza mtaji wa shilingi bilioni 20.7. Zilipatikana bilioni 14.5. Soko lilikuwa limesema jambo kwa sauti ya kusikika: tunaamini, lakini si kiasi hicho. Ndege zikaagizwa hata hivyo. Boeing 777 tatu kubwa zikaja kwa kukodi, na kuanzia Aprili 2014 Dreamliner zikaanza kutua Embakasi, kila moja na viti 234, zikilipiwa kwa mikopo ya dola.

Abiria waliokisiwa hawakuja. Agosti 2013 sehemu ya abiria wa kimataifa ya uwanja wa Jomo Kenyatta iliteketea. Septemba likaja shambulio la kigaidi katika jumba la maduka la Westgate, Nairobi, na watalii wakaogopa. Mwaka uliofuata Ebola ikazifunga njia za Liberia na Sierra Leone. Mashirika ya Ghuba na Ethiopian yalikuwa yakiwachukua wasafiri walewale. Na KQ ilikuwa imefunga mkataba wa bei ya mafuta, kama mwenye kinu anayekubali kununua mahindi ya msimu mzima kwa bei ya leo akihofia yatapanda; mwishoni mwa 2014 mafuta yakaporomoka duniani, nayo ikabaki ikilipa bei ya juu. Mwaka ulioishia Machi 2015 hasara ilifika shilingi bilioni 25.7, kubwa kuliko hasara yoyote iliyowahi kutangazwa na kampuni nchini hadi siku hiyo. Mwaka uliofuata ikawa bilioni 26.2. Zile 777 tatu zikakodishwa kwa Turkish Airlines, kwa kodi pungufu kuliko iliyokuwa ikilipwa na KQ yenyewe, na Dreamliner mbili zikaenda Muscat kufanya kazi ya Oman Air.

Husemwa sana kwamba KQ imelemewa na mishahara ya marubani. Sikubaliani. Mishahara ni mzigo, na mgomo wao wa Novemba 2022 uliwaumiza maelfu ya abiria, lakini hesabu zinaonyesha kidonda kiko kwingine. Tuseme una deni la dola milioni 100. Mwisho wa 2021, dola moja ikiwa karibu Sh113, ulidaiwa shilingi bilioni 11.3. Miaka miwili baadaye dola ilikaribia Sh157: sasa unadaiwa bilioni 15.7. Bilioni 4.4 zimeongezeka, na hujanunua hata kikombe cha chai cha kumpa abiria. KQ ilidaiwa zaidi ya hapo mara kadhaa. Mwaka 2017 mabenki ya Kenya yalikuwa yamegeuza mikopo yao kuwa hisa, asilimia 38.1, serikali ikafika 48.9 na KLM ikashuka hadi 7.8. Serikali pia iliweka dhamana ya dola milioni 750. Wanahisa wadogo wa 1996 walibakiwa na sehemu ndogo mno, na kuanzia Julai 2020 hawakuweza hata kuiuza, kwa kuwa hisa zilisimamishwa sokoni hadi Januari 2025.

Tazama mwaka 2023. Katika kazi ya kusafirisha watu na mizigo, KQ ilipata faida ya uendeshaji ya shilingi bilioni 10.5. Ukishaondoa riba na tofauti ya thamani ya fedha, ikatangaza hasara ya bilioni 22.7. Wafanyakazi walifanya kazi yao, deni likala. Mwaka 2024 shilingi ilipata nguvu, dola ikarudi karibu Sh129, na ghafla ikaonekana faida ya bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi. Nilifurahi, lakini nilijua kiasi gani cha furaha hiyo kilitoka kwa marubani na kiasi gani kilitoka kwa kiwango cha kubadilisha fedha.

Ijumaa moja usiku nilikaa katika ukumbi wa kusubiri safari ya New York, iliyoanza Oktoba 2018. Bibi mmoja aliyejitanda leso mbili alikuwa ameukumbatia mfuko wa unga wa wimbi mapajani, akikataa kuuweka chini. Huko New Jersey kuna mjukuu amezaliwa, alisema, na mama yake anahitaji uji. Nikamuuliza kwa nini ndege huondoka usiku wa manane. Hakujua, nikamweleza: Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na jua likiwaka huzidi kuwa nyepesi, hivyo ndege iliyojaa mafuta ya kilomita karibu 12,000 huhitaji baridi ya usiku ili iinuke. Akatikisa kichwa polepole, akaukaza mfuko wake.

Katika nusu ya kwanza ya 2025, Dreamliner tatu kati ya tisa zilikuwa zimeegeshwa zikisubiri injini na vipuri, maana duniani kote vilikuwa adimu. Mapato yakapungua kwa karibu moja ya tano, na hasara ya shilingi bilioni 12.2 ikarejea. Safari hii abiria walikuwepo. Walikuwa wamepanga foleni na mifuko yao, na ndege za kuwabeba zilikuwa chini.