Habari za Voi: Ndovu, Nyuki na Wakulima wa Sagalla

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi, akiisha kupita nyika kavu ya Mariakani na Maungu, huona upande wake wa kushoto kilima kirefu kilichosimama peke yake. Hicho ndicho kilima cha Sagalla. Mbele kidogo, kilometa 150 hivi kutoka Mombasa, ndipo ulipo mji wa Voi, ulio mkubwa kuliko miji yote ya Kaunti ya Taita-Taveta. Wengi waujua kwa kupita tu: hushuka garini, hunywa chai, hununua machungwa, kisha huendelea na safari. Lakini mwenye kukaa siku mbili tatu na kusikiliza mazungumzo ya sokoni atafahamu kwamba jambo linalowashughulisha watu wa hapa kila msimu wa mavuno si bei ya machungwa. Ni ndovu.

MJI WA RELI

Voi ni mtoto wa reli. Kazi ya kuijenga Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896, nayo njia ilikwisha kupita Voi kabla ya kufika mto Tsavo mwaka 1898, mahali ambapo simba wawili waliwatia hofu wafanya kazi wa daraja. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza tawi la reli lilianzwa kutoka Voi kwenda Taveta mwaka 1915, ili kupeleka askari na vyakula vyao kupigana na Wajerumani kule mpakani. Makaburi ya askari waliokufa katika vita vile yapo Voi hata leo, nayo hutunzwa vizuri.

Kwa sababu ya reli, watu wa makabila mengi walikuja wakakaa pamoja na wenyeji, yaani Wataita na Wasagalla. Mwaka 2017 ikaja reli mpya ya kisasa, yenye stesheni yake hapo Voi, na abiria wa leo hufika Mombasa au Nairobi siku ile ile bila taabu. Reli hiyo imeinuliwa juu ya tuta, na chini yake yameachwa mapito mapana. Mapito hayo hayakufanywa kwa ajili ya magari tu. Yamefanywa pia kwa ajili ya ndovu, wapate kuvuka kutoka upande mmoja wa nchi mpaka upande wa pili.

JIRANI MKUBWA

Mwaka 1948 Serikali iliitenga nchi kubwa ya nyika kuwa Mbuga ya Taifa ya Tsavo, na baadaye ikagawanywa kuwa Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Makao makuu ya Tsavo Mashariki yakawekwa Voi, na mlango wa mbuga uko karibu sana na nyumba za mji. Mbuga hizo mbili pamoja zapata kilometa za mraba 22,000 hivi.

Habari za ndovu wa Tsavo ni habari za kupanda na kushuka. Katika miaka ya 1960 walikadiriwa kuzidi 30,000. Ukame mkali wa miaka ya 1970 na 1971 uliwaua maelfu. Kisha majangili wakawamaliza wengi kwa ajili ya pembe, hata ilipofika mwaka 1988 waliobaki hawakuzidi 7,000. Mwaka 1989 Rais Moi alichoma moto tani 12 za pembe mjini Nairobi, ili dunia nzima ione kwamba Kenya haitaki biashara hiyo. Tangu hapo ulinzi ulitiliwa nguvu, na katika hesabu iliyofanywa nchi nzima mwaka 2021 ndovu wa Tsavo walionekana kuwa wapata 15,000.

Hayo ni mafanikio, na watalii waletao fedha hufurahi. Lakini mbuga haikuongezeka upana, na watu nao wameongezeka pande zote. Mashamba yaliyo chini ya kilima cha Sagalla yapo kando ya njia ambazo ndovu walizizoea tangu zamani, wakifuata maji na majani.

USIKU MMOJA

Nchi ya bondeni karibu na Voi haina mvua ya kutosha. Mkulima hutegemea zaidi mvua za vuli. Hupanda mahindi, kunde na pojo, akaomba Mungu mvua zisikatike kabla ya mahindi kutoa mbelewele. Mwaka ukiwa mzuri, shamba hupendeza. Basi hapo ndipo jirani mkubwa anapokuja.

Ndovu mmoja aliyekomaa aweza kula kilo 150 za majani na zaidi kwa siku. Wakiingia watano au sita katika shamba la eka moja usiku, alfajiri mwenye shamba hukuta mabua yaliyovunjika na nyayo zilizo pana kama sinia. Chakula cha miezi imekwenda, na karo ya watoto pia imekwenda. Tangi la maji nalo huenda likawa limepasuliwa, kwa kuwa ndovu hunusa maji hata yakiwa ndani ya nyumba.

Kwa muda mrefu silaha ya mkulima ilikuwa kukesha. Baba na vijana walilala shambani, wakapiga madebe, wakawasha mioto, wakapiga kelele. Kazi hiyo ni ya hatari, maana ndovu aliyekasirika hukimbia kuliko mtu, nao wako waliopoteza maisha yao kwa kulinda gunia la mahindi. Asubuhi watoto nao hukawia kwenda shule, wakingoja wazazi wathibitishe kwamba njia ni salama. Mara nyingine hasira hushinda, na ndovu hupigwa mishale au kutegewa sumu. Hapo hasara huwa ya pande zote mbili.

MNYAMA MKUBWA, MDUDU MDOGO

Wazee wa makabila mengi ya Kenya walijua tangu zamani kwamba ndovu huogopa nyuki. Ngozi yake ni nene, lakini nyuki hatafuti mahali penye unene. Humchoma karibu na macho, nyuma ya masikio, na ndani ya mkonga, mahali penye maumivu makali. Ndovu hasahau.

Wataalamu waliyachukua maneno hayo ya wazee wakayapima. Mwaka 2007 Bibi Lucy King na wenzake walitangaza matokeo ya jaribio lao: waliwasikilizisha ndovu sauti ya nyuki walioghadhibika, iliyonaswa kwa mashine, na jamii nyingi za ndovu zilikimbia mara moja. Baadaye ilifahamika pia kwamba ndovu wakisikia nyuki hutoa mngurumo wa namna ya pekee, wa kuwaonya wenzao, huku wakitikisa vichwa. Kutokana na maarifa hayo ukatengenezwa ua wa mizinga ya nyuki, na wakulima wa Sagalla wakawa miongoni mwa wa kwanza kuujaribu kwa miaka mingi mfululizo, wakisaidiwa na shirika la Save the Elephants.

JINSI UA UNAVYOTENGENEZWA

Ua wenyewe si jambo la kutatanisha, na fundi wa kijijini aweza kuujenga. Nguzo husimamishwa kulizunguka shamba. Katikati ya nguzo hutundikwa mzinga, kisha kwenye nafasi inayofuata hutundikwa ubao uliokatwa na kupakwa rangi ufanane na mzinga, kisha mzinga wa kweli tena; na kutoka kimoja mpaka kingine ni meta 10. Vyote huunganishwa kwa waya mmoja. Shamba la eka moja lahitaji mizinga 12 na mbao 12 za namna hiyo.

Ndovu akija usiku na kuusukuma waya kwa kifua, mizinga yote ya upande ule huyumba, nyuki hutoka kwa hasira, naye hugeuka. Hata mbao zisizo na nyuki zafanya kazi, maana ndovu hawezi kujua upi mzinga mtupu na upi wenye wenyeji.

Lakini ua huu si kama ua wa miiba, ambao mtu huufunga akaenda zake. Nyuki hawanunuliwi wakaingizwa ndani kama kuku. Huja wenyewe wakati makundi yanapohama, na mkulima huwavuta kwa kuupaka mzinga nta. Sharti awawekee maji karibu wakati wa kiangazi. Nguzo zahitaji kupakwa grisi ili siafu wasipande. Nyegere naye, mwizi wa asali asiyeogopa kitu, huvunja mizinga iliyotundikwa ovyo. Na mbuzi wasifungwe karibu na ua, kwa sababu nyuki hawachagui wa kumchoma.

MATOKEO NA MIPAKA YAKE

Je, ua huu wafaa kweli? Taarifa ya wataalamu iliyotolewa mwaka 2024, baada ya kuhesabu kwa miaka tisa katika mashamba 26 ya Sagalla, yaeleza kwamba katika kila ndovu wanne walioukaribia ua, takribani watatu waligeuka wakaenda zao. Katika misimu ya mazao mazuri hesabu ilifika hata 86 kwa kila mia. Zaidi ya hayo, wakulima walipata yapata tani moja ya asali ya kuuza. Hivyo kile kinacholinda mahindi huleta pia shilingi chache nyumbani.

Hata hivyo haifai kumwambia mkulima nusu ya habari. Ukame wa mwaka 2017 uliwafanya nyuki wengi waihame mizinga, nayo ilichukua miaka hata wakarudi kwa wingi. Panapokosekana maua hapana nyuki, na pasipo nyuki ua hubaki mbao na waya tu. Tena ukame ndio wakati ndovu nao wana njaa kuliko siku zote. Katika ukame mkubwa uliofikia ukali wake mwaka 2022, Serikali ilitangaza kwamba ndovu 205 walikufa nchini kati ya mwezi wa Februari na Oktoba.

Kwa sababu hiyo wakulima wenye busara hawategemei njia moja. Wako wanaofunga waya zenye vipande vya mabati, ambavyo hulia na kumetameta upepo ukivuma. Wako wanaotumia kamba zilizopakwa oili chakavu iliyochanganywa na pilipili. Wengine wamepanda alizeti na mimea mingine ambayo ndovu hawaipendi sana, nayo maua yake huwafaa nyuki. Akina mama wa Sagalla nao hawakukaa kando. Husuka vikapu vya mkonge na kuviuza, ili nyumba isiwe na mlango mmoja tu wa kuingiza fedha.

HAKI YA MKULIMA

Yafaa kila mkulima aijue Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika mwezi wa Januari 2014. Sheria hiyo iliweka fidia ya shilingi milioni tano kwa jamaa za mtu aliyeuawa na mnyama, shilingi milioni tatu kwa aliyepata kilema cha kudumu, na malipo kwa majeraha mengine, na kwa mazao na mifugo pia. Madai hupitia kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, na kamati ya kaunti, kabla ya kufika Wizarani.

Malipo yamekuwa yakikawia, mara nyingine kwa miaka, na malalamiko juu ya jambo hilo yasikika katika kila baraza la chifu. Malalamiko hayo ni ya haki. Mjane hawezi kuwasomesha watoto kwa karatasi iliyo katika faili. Lakini ni kweli pia kwamba madai mengine hukwama kwa sababu habari haikupelekwa mapema, au mashahidi hawakuandikwa, au mabua yaliyovunjwa yaling'olewa kabla afisa hajayaona. Basi mwenye kupatwa na hasara asiguse kitu. Apige ripoti siku ile ile, apate namba ya ripoti, na aiweke mahali pa salama kama awekavyo hati ya shamba.

SHAURI LA WOTE

Ndovu wa Tsavo ni mali ya taifa zima, na faida yake huenda mbali, lakini gharama yake hulipwa na mtu mwenye eka mbili chini ya Sagalla. Hilo ndilo jambo ambalo wakubwa wa mbuga, wa kaunti na wa Serikali hawana budi kulikumbuka wanapopanga mipango yao. Kwa upande wao wakulima wameonyesha kwamba hawangoji tu kusaidiwa. Wamejifunza ufundi ambao mkulima wa miaka mingi iliyopita hakuuwaza, nao umeigwa katika nchi nyingine za Afrika na za Asia.

Wahenga walisema: fuata nyuki ule asali. Walioisema methali hiyo hawakufikiri kwamba siku moja, karibu na mji wa reli, nyuki hao hao wangewekwa zamu ya usiku, mwenye shamba apate kulala usingizi nyumbani kwake, na asubuhi mtoto wake afike shule kabla ya kengele kulia.