Mtihani ni wa Kijana, Vyeti ni vya Mzazi

Wapagazi wa Kinyamwezi waliotoka hapa Unyanyembe kwenda Bagamoyo au Ujiji walisafiri kiangazi, na wengi wao walitaka kuwa nyumbani msimu wa kilimo utakapoingia. Walikuwa na kazi mbili ndani ya mwaka mmoja, wakazigawia nyakati.

Vijana wetu wa kidato cha sita wanaosoma Uchumi, Biashara na Uhasibu wamo katika hali hiyohiyo. Mwezi Mei hufanya mtihani wa taifa. Matokeo yakitoka, dirisha la maombi ya vyuo halikai wazi muda mrefu, na la Bodi ya Mikopo nalo lina siku zake. Wapo wanaotamani Mzumbe, wapo wanaotamani Chuo cha Elimu ya Biashara, Dodoma, au Taasisi ya Uhasibu, Kigoma. Lakini alama nzuri pekee hazileti mkopo. Hutakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, cheti cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, mdhamini mwenye kitambulisho, na saini ya serikali ya mtaa.

Hapo ndipo majina yetu hutuponza. Tunamkumbuka mama mmoja mjane aliyetujia ofisini na bahasha mkononi. Cheti cha kuzaliwa cha mwanawe kiliandikwa Ramadhani, cha shule Ramadhan. Jina la marehemu baba lilikuwa Mohamed huku na Muhammad kule. Kijana alikuwa amefaulu. Siku zilizobaki zikaishia katika kutafuta hati ya kiapo, dirisha likafungwa, naye akakaa nyumbani mwaka mzima.

Tulijilaumu. Tulikuwa tumewaombea dua watahiniwa wote baada ya swala ya Ijumaa, wala hatukumwuliza hata mmoja vyeti vyake viko wapi.

Kwa hiyo tunashauri kazi igawanywe. Kuanzia Januari hadi Mei, kijana aachiwe vitabu vyake na saa zake baada ya Alfajiri. Mzazi, mjomba au shangazi ashike nyaraka: alinganishe cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne herufi kwa herufi, apeleke maombi ya uhakiki, azungumze mapema na mdhamini.

Leo baada ya Isha, fungueni kasha la nyaraka. Mkikuta majina yanapishana, njooni ofisini msikitini wiki hii. Tutawaonyesha pa kuanzia.