Gari Linapogonga Nguzo kwa Ubavu

Nguzo za taa, mabango ya alama na vizuizi vya chuma huwekwa kando ya barabara kwa usalama wetu. Hata hivyo, gari likiacha njia, vifaa hivyo hivyo vinaweza kuua. Kwa sababu hiyo, wahandisi huvijaribu kwa kuvigongesha magari.

Nchini Marekani, majaribio hayo hufuata mwongozo uitwao MASH, uliotolewa mwaka wa 2009 na kurekebishwa 2016. Katika jaribio la kizuizi cha barabara kuu, gari dogo la kilo 1,100 na pikapu ya kilo 2,270 hugongeshwa, kila moja kwa zamu yake, kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa na pembe ya digrii 25.

Lakini si kila gari hugonga kwa mbele. Likiteleza kwenye kona au lami yenye maji, huenda kwa ubavu. Mbele kuna boneti na injini, na bati hujikunja likipunguza pigo kabla halijamfikia abiria. Ubavuni kuna mlango tu. Nguzo nayo ni nyembamba, hivyo pigo lote huishia mahali pamoja, karibu na kifua na kichwa.

Zipo nguzo zilizoundwa ziachane na kitako chake zinapogongwa. Majaribio ya ubavu yamefunua udhaifu wake: mlango ni laini, hivyo unaweza kubonyea hadi ndani kabla nguzo haijaachia. Nguzo iliyofaulu kugongwa kwa mbele huenda isimwokoe aliyegonga kwa ubavu. Ndiyo maana mahali inaposimama, hasa kwenye kona, ni muhimu sawa na jinsi ilivyoundwa.

Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la barabara za kaunti na taa zake. Mkaazi naye ana sehemu yake:

• Usifungue nati wala kuuza vyuma vya barabarani kama vyuma kuukuu. Kizuizi kilichopungukiwa boliti hakizuii gari.
• Usirundike mawe wala kumwaga zege kwenye kitako cha nguzo.
• Ukiona nguzo imeinama au kizuizi kimeng'olewa, ripoti kwa ofisi ya msimamizi wa wadi yako.
• Dereva, punguza mwendo kabla ya kona na usitumie tairi zilizoisha.
• Abiria, funga mkanda, hata ukiketi nyuma.