Je, Wajua? Mfupa Unaoikosesha Mashine Hesabu

Je, wajua kwamba mashine ya MRI, hodari wa kupambanua nyama laini ya ubongo, aghalabu hulitazama fuvu la kichwa isilione? Taksiri hiyo ingevumilika kama MRI ingefanya kazi peke yake. Lakini tangu ilipounganishwa na kipimo cha PET katika chombo kimoja, mfupa huo umekuwa fitina ya hesabu.

Kazi ya PET ni kuhesabu. Mgonjwa hudungwa sukari iliyotiwa florini-18, ambayo hupungua nusu kila dakika 110. Na kila positroni itokayo humo ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka, ikazaliwa miale miwili ya gama, ikikimbilia pande zilizo kinyume. Mashine huhesabu jozi iliyofika kamili. Walakini, katika unene wa sentimita 15 za maji takriban robo tu ya jozi husalimika, na mfupa hunakisi zaidi ya maji.

Mfano wake ni karani wa Mwanza apokeaye pamba kutoka Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu: akijua kila kizuizi cha njiani kimetwaa kiasi gani, hukadiria shehena ilivyokuwa ilipoondoka, asipojua, hudhani mkulima amevuna haba.

PET iliyofungamana na CT, kama ile ya Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, huvijua vizuizi hivyo kwa eksirei. MRI husikiliza haidrojeni ya maji na mafuta, ambayo katika mfupa mgumu ni adimu, na ishara yake huzimika kabla ya milisekunde moja kutimia. Basi mfupa huonekana mweusi sawa na hewa iliyomo puani, ilhali hewa karibu haizuii gama kabisa, na mfupa huizuia kupita nyama. Hata mfupa ukihesabiwa kuwa nyama badala ya hewa, ganda la ubongo lililo jirani na fuvu husomwa pungufu, pengine kwa asilimia 10 hadi 20, hata mzima akadhaniwa ana dalili za maradhi ya usahaulifu.

Wataalamu wametafuta hila tatu: kuidaka ishara ya mfupa mara tu inapozaliwa, kumkadiria mgonjwa fuvu kwa kulinganisha picha yake na hazina ya picha za CT za watu wengine, na kuifunza kompyuta itunge CT ya kubuni kutokana na MRI. Mwaka 2017 mbinu 11 zilipolinganishwa kwa wagonjwa 359, wastani wa kosa kwa ubongo mzima haukuvuka asilimia 5.

Kwa hiyo mgonjwa wa Simiyu aliyepimwa Nairobi kwa PET na CT, kisha akapimwa ng'ambo kwa PET na MRI, na tarakimu zikahitilafiana, tabibu wake asikate shauri kwamba ugonjwa umezidi kabla ya kuuliza mfupa ulihesabiwaje katika kila picha.